Profesa Aliyeifuata Ikweta Yetu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini pana wageni wa aina nyingine ambao huja, wakatambua thamani ya kitu ambacho mwenyeji amekikalia miaka nenda miaka rudi bila kukijali, wakakitumia, wakaondoka, na mwenyeji asijue hata kilichotendeka uani kwake. Leo, wasomaji wapenzi, na hasa walimu wenzangu pamoja na wanafunzi, naomba wasaa niwasimulie maisha ya mgeni wa namna hiyo. Jina lake aliitwa Luigi Broglio, mhandisi na profesa wa Kiitaliano, aliyeaga dunia tarehe 14 Januari 2001. Nitaeleza pia kwa nini mwalimu mstaafu wa Kisumu aone haja ya kumkumbuka mtu wa Roma.

Nianze kwa kuungama. Nilifundisha fizikia kwa zaidi ya miaka 20 katika shule za upili za ufuo huu wa ziwa. Jioni moja, wakati wa masomo ya ziada, kijana wa kidato cha pili alisimama akaniuliza swali. Kwao walikuwa wavuvi wa omena. Wavuvi hao, kama ijulikanavyo, huingia ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wakawasha taa juu ya maji ili samaki wavutike. Baba yake na ami zake walikuwa wamemwonyesha nuru ndogo isiyometameta kama nyota, ikikata anga kwa utulivu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alitaka kujua ni kitu gani, ni cha nani, kwa nini hakianguki, na kama kiliwahi kuwapo kimoja kilichokuwa chetu.

Mtihani ulikuwa umekaribia. Nilimwambia kwamba hayo hayamo katika silabasi, na kwamba akae chini tuendelee na mada ya joto. Alikaa. Sikumbuki kumsikia akiuliza swali jingine muhula ule wala uliofuata. Nimesahihisha maelfu ya madaftari maishani mwangu, na mengi nimeyasahau. Lakini kile kitendo cha kukaa chini sijakisahau. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadaye, nilipoanza kujisomea mambo ya anga kwa mapenzi yangu tu, niligundua kuwa swali lake la mwisho lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilipitia maisha ya huyu Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, jirani na Venice. Alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha Roma, akaingia katika jeshi la anga la nchi yake kama mhandisi, kisha akawa mwalimu. Naam, mwalimu. Mwaka 1952 alikuwa tayari amekabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa vyombo vya anga katika chuo kile kile alichosomea. Italia ya wakati ule ilikuwa imetoka vitani ikiwa na madonda mengi. Miji ilikuwa imebomolewa, hazina ilikuwa haba, na wananchi wengi walikuwa wakihama kwenda kutafuta kazi nchi za watu. Haikuwa nchi ambayo mtu angetarajia ijishughulishe na mambo ya mbinguni.

Mwezi wa Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na Januari 1958 Marekani nayo ikajibu kwa setilaiti yake ya kwanza. Walimwengu wengi walitazama kama watazamavyo mafahali wawili wakipigana: kwa hofu, na kwa mbali. Broglio alitazama kwa jicho la mwalimu anayejiuliza nafasi ya wanafunzi wake iko wapi. Alianza kwa alichokuwa nacho. Kutoka kisiwa cha Sardinia yeye na wenzake walirusha roketi ndogo ambazo hazikufika kwenye mzingo wa Dunia. Zilipanda, zikamwaga wingu la sodiamu lenye kung’aa, na kutokana na mwendo wa wingu hilo wakapima upepo wa tabaka za juu za hewa. Kisha, mwaka 1961, akiwa na mwanafizikia mashuhuri Edoardo Amaldi upande wake, aliiendea serikali ya nchi yake na mpango mkubwa zaidi. Alitaka Italia iunde setilaiti, na Waitaliano wenyewe wairushe.

Mpango huo aliuita San Marco, kwa jina la mtakatifu mlinzi wa Venice. Mwaka 1962 mapatano yalifikiwa na shirika la anga la Marekani, NASA: Wamarekani watoe roketi iitwayo Scout na mafunzo, Waitaliano waunde setilaiti na watafute mahali pa kuirushia. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilipaa kutoka kisiwa cha Wallops katika jimbo la Virginia, na waliofanya kazi ya kuirusha walikuwa vijana wa Broglio.

Hapa ndipo sisi tunapoingia katika hadithi. Broglio alikuwa ameitazama ramani ya dunia, na jicho lake likaufuata ule mstari ambao mwanafunzi wa Maseno huuruka mguu mmoja huku na mwingine kule, akacheka, akaenda zake. Ikweta! Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na hakuna mahali inapokwenda kasi kuliko kwenye mstari huo: takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka kwenye ikweta hupewa kasi hiyo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalokwenda. Fueli inapungua, mzigo unaongezeka. Isitoshe, chombo kinachorushwa kutoka hapo kinaweza kuizunguka Dunia juu ya ikweta yenyewe, jambo ambalo kwa wenye kurushia kaskazini ya mbali ni gharama kubwa mno.

Lakini mstari peke yake hautoshi. Roketi ya hatua nyingi huangusha sehemu zake njiani, na sehemu hizo hazichagui paa la kuangukia. Palihitajika bahari tupu upande wa mashariki. Broglio alipachagua Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta, mahali ambapo Bahari Hindi imetandazwa mbele kama mkeka. Badala ya kujenga nchi kavu, alileta majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu iliyozamishwa katika sakafu ya bahari, kilomita chache kutoka ufuoni. Moja lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililokwisha kutumika. Alilipa jina la Santa Rita, mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yaliyoshindikana. Jingine, la kurushia roketi, likaitwa San Marco, na waya zilizopita chini ya maji zikayaunganisha mawili hayo. Mwaka 1964, miezi michache tu baada ya bendera yetu kupandishwa, roketi ndogo za majaribio zilianza kupaa kutoka Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti San Marco 2 ilirushwa kutoka bahari ya Kenya ikaingia katika mzingo wa ikweta.

Wanafunzi wa fizikia na wasikilize vizuri sehemu hii, maana ndiyo jibu la swali la kwa nini kile chombo hakianguki. Setilaiti inaanguka kila dakika. Ila inakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba Dunia inajipinda chini yake na haifikiwi. Lingekuwa ombwe kamili huko juu, ingezunguka karne na karne. Lakini katika kilomita mia chache kutoka ardhini kungali na hewa, nyembamba kupita kiasi, nayo huikwaruza setilaiti na kuipunguzia nguvu kidogo kidogo. Kiasi cha hewa hiyo hakikujulikana vyema. Broglio alibuni mizani ya ajabu kwa wepesi wake: gamba la nje la setilaiti, lenye umbo la tufe, liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa viungo vyenye kunepa. Hewa iliposukuma gamba, gamba lilisogea kiasi kidogo sana kulinganisha na kiini, na msogeo huo ukapimwa. Kwa maneno mengine, profesa huyu aliutia upepo wa angani katika mizani kama mchuuzi apimavyo omena sokoni Kibuye. San Marco 2 yenyewe ilishindwa na upepo huo huo iliokwenda kuupima, ikarudi na kuteketea katikati ya Oktoba 1967, kabla ya kutimiza miezi 6 angani.

Kisha ikaja siku ambayo kila shule nchini ingepaswa kuijua. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, watu wa Broglio walirusha kutoka Ngomeni setilaiti ya Kimarekani yenye uzito wa kilo zipatazo 140. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Kwa heshima ya siku ile na nchi ile, Marjorie Townsend, bibi aliyeusimamia mradi huo katika NASA, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta angani miale ya eksirei, ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Kabla yake wataalamu walitegemea roketi zilizochungulia kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu, ikijizungusha polepole na kulifagia anga lote, na mzingo wake wa ikweta uliiepusha na sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja kilichochunguzwa kwa msaada wake, katika kundi la nyota la Cygnus, ndicho kilichowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba shimo jeusi ni kitu kilichopo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Sasa nichukue kalamu na karatasi kama nilivyozoea ubaoni. Mzingo wa Uhuru uliinamia ikweta kwa nyuzi 3 tu, kwa hiyo njia yake haikupotoka zaidi ya kilomita 340 hivi kusini au kaskazini ya mstari huo. Kisumu iko sehemu ya kumi hivi ya nyuzi moja kusini ya ikweta. Chombo kilizunguka Dunia kwa dakika 96 hivi, na kwa kuwa Dunia nayo ilikuwa ikigeuka, kilirudi juu ya mahali pale pale takriban mara 14 kwa siku. Kilitokea magharibi, juu ya Kongo na Uganda, kikavuka anga la Nam Lolwe, kikapita karibu na utosi wa Kisumu, na dakika moja na nusu baadaye kikawa juu ya pwani kilikozaliwa. Kwa miaka 8 na zaidi, usiku na mchana, hadi kilipoteketea Aprili 1979, chombo chenye jina la Uhuru kilipita juu ya vichwa vya wavuvi wa Dunga, wa Usenge na wa Homa Bay. Mimi nilikuwa mwanafunzi katika sehemu ya miaka hiyo. Hakuna mwalimu aliyenidokezea, wala simlaumu, maana nami nilipokabidhiwa chaki nilifanya yale yale.

Ufuo huu una mtu wake aliyejulikana kwa kulitafakari neno uhuru. Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo, aliyewahi kuwa mwalimu Maseno, alichapisha mwaka 1967 kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba uhuru ulikuwa bado haujafika. Mwaka huo huo San Marco 2 ilipaa. Nikiyaweka mambo haya mawili pamoja, napata mashaka ambayo haki yanitaka niyataje. Chombo kiliitwa Uhuru, lakini fedha zilikuwa za Marekani, mikono ilikuwa ya Waitaliano, na elimu ilikwenda Roma na Massachusetts. Sisi tulitoa bahari, mstari, na jina. Kwa miaka mingi wabunge wetu wameuliza Kenya ilifaidika na nini Ngomeni, na swali hilo si la chuki. Ni la mwenye nyumba.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka kummaliza Broglio kwa neno moja, kwamba alikuwa mnyonyaji. Alikuwa mzalendo wa nchi maskini aliyetafuta mlango wa kuingilia mahali palipokuwa pamefungwa na wakubwa wawili. Hakungoja Italia itajirike kwanza. Hakuwaambia wanafunzi wake kwamba anga ni ya wengine. Alichukua roketi ya kuazima na jukwaa kuukuu la mafuta, akawafundisha vijana kwa kuwapa kazi yenyewe, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 za Scout zilirushwa kutoka bahari yetu, zote zikafika mzingoni. La kuiga ni hilo. La kulaumu, tukitaka kulaumu kwa haki, ni kwamba upande wetu hapakuwa na Broglio wa kudai vijana wa Kenya wakae katika viti vile vya uongozi wa mitambo na kujifunza.

Setilaiti ya mwisho ya mpango wake ilirushwa Ngomeni tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yalinyamaza. Broglio alitamani roketi mpya yenye nguvu zaidi, lakini wakubwa wa anga wa nchi yake walichagua njia nyingine, naye akaishi miaka yake ya mwisho akiitazama chuma aliyoipenda ikiliwa na chumvi. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Malindi, ambacho sehemu yake ya nchi kavu imeendelea kupokea taarifa za vyombo vya angani, kilipewa jina lake, na sayari ndogo mojawapo kati ya zile zilizunguukazo Jua nayo ikaitwa Broglio.

Mbegu yake haikufa kabisa. Mwezi wa Mei 2018, kijisanduku chenye upana wa sentimita 10 kila upande, kilichotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio, kilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Ndicho setilaiti ya kwanza ya Kenya. Mnamo 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyoundwa na wahandisi wetu pamoja na wenzao wa Bulgaria. Lakini tazama kinaya: Taifa-1 ilibidi isafiri hadi California ili irushwe. Mtoto wa nchi ya ikweta alikwenda kupandia ngazi nyumba ya jirani.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni anasa, na kwamba mwana wa mvuvi ana shida zake za karo na gugu-maji. Ninawakumbusha tarehe 30 Desemba 2024. Siku hiyo pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku katika kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, lilieleza kwamba dalili zilionyesha ni kipande cha roketi. Vitu zaidi ya 30,000 vya namna hiyo, vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kwa mitambo, vinazunguka juu yetu, na ile hewa nyembamba aliyoipima Broglio ndiyo inayoamua kipi kishuke na lini. Angani hakuna ua wala mpaka. Usipoisoma anga, itakuja yenyewe kukuangukia shambani.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, sikuombi uitupe silabasi. Nakuomba jambo dogo. Unapofundisha mwendo wa mviringo, utaje Ngomeni. Unapofundisha miale ya eksirei, utaje Uhuru na tarehe 12 Desemba 1970. Unapowapeleka watoto Maseno kupigwa picha kwenye alama ya ikweta, wape hesabu ya kasi ya ardhi waliyoikanyaga. Na wewe mwanafunzi, toka nje saa moja unusu jioni, anga likiwa safi, uitafute ile nuru isiyometameta. Huhitaji darubini. Andika saa na upande ilikotokea, kesho utazame tena. Ndivyo elimu ya anga inavyoanza.

Mwaka jana nilikutana na yule kijana pale ufuoni Dunga. Sasa ni mtu mzima, ana mashua zake na taa za sola badala ya karabai. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, nikamwomba radhi kwa jioni ile. Alisema alikuwa amekwisha kusahau. Baada ya kimya kirefu akaniuliza kama chombo kile kilipita upande wa kisiwa cha Ndere au upande wa pili, nami nikachukua kijiti nikamchorea mchangani.